Swichi Chini ya Kitambaa

Jumatano, tarehe kumi na moja ya mfunguo mosi, siku kumi baada ya Idi, saa nne ya asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya kulia chakula nyumbani kwangu Usagara, tochi nimeibana kwa meno, nikichunguza waya wa printa. Juu ya meza kompyuta ilikuwa imeandika, kwa mara ya nane au ya tisa asubuhi ile, kwamba printa haiko hewani. Printa yenyewe ilikuwa pale pale, umbali wa shibiri mbili kutoka kwenye kompyuta, taa yake ya kijani ikiwaka.

Nawaandikia wadogo zangu mliobaki katika kazi ya uchapaji, kwa sababu baadhi yenu mmeniomba niweke kwenye karatasi yale niliyoyajua. Cheo na mshahara nitaviruka. Vyeo vyetu vilikuwa virefu kuliko mishahara, na hilo mnalijua. Nitaeleza mashine, mtu aliyenifundisha kuzitazama, na kosa moja ambalo, tangu nistaafu mapema miaka miwili iliyopita, limenifanya niwe ninainuka kitini kila robo saa bila kujua ninakwenda kufanya nini.

Niliajiriwa katika shirika la mkonge hapa Tanga nikiwa nimetoka chuo cha uhazili, nikijivunia kasi ya vidole vyangu. Jina langu ni Mwanahamisi, na siku ile ya kwanza nilidhani ndilo nitakaloulizwa. Mkuu wa chumba chetu alikuwa Bi Salome, Mbondei wa Muheza, mwanamke mfupi aliyevaa miwani iliyofungwa uzi. Nilimkuta ameinamia mashine ya teleksi. Nikamwamkia, “Shikamoo.” Hakujibu. Nikasimama. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama hotuba, akainua uso.

“Marahaba. Umesubiri niitike. Vizuri. Wengine humwamkia mtu huku wamekwisha mpita.”

Sikujua kwamba hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza la teleksi. Kwa ninyi ambao hamkuiwahi: teleksi ilikuwa mashine ya kuchapa iliyounganishwa na laini ya simu. Ulichokiandika Tanga kilijichapa Dar es Salaam au Ulaya, hapo hapo. Kila mashine ilikuwa na jina lake, herufi chache na tarakimu, na kulikuwa na kitufe cha kuiuliza mashine ya upande wa pili, wewe ni nani? Ikiwa laini ni nzima, jina la mwenzako lilijichapa lenyewe kwenye karatasi yako. Bi Salome alitufundisha hivi: “Ujumbe wa teleksi ni shikamoo. Jina la mwenzako ni marahaba. Usipoitikiwa, ulikuwa unasema peke yako.”

Ilikuwa miaka ya shida. Karatasi ya kaboni tuliitumia mpaka ukiiinua dhidi ya dirisha unaona mtaa. Riboni ya taipu iliyokauka tuliifufua kwa wino wa muhuri na matone ya mafuta ya cherehani, kisha tukaianika kwenye kamba ndani ya ofisi kama nguo za mtoto. Dawa ya kusahihishia stensili, zile karatasi za nta za kudurufia, ilipokosekana madukani, tuligundua kwamba rangi ya kucha inafanya kazi ile ile, ikabidi mkaguzi mmoja aelezwe, huku anaangalia mikono yetu, kwa nini idara ya utawala imeagiza chupa sita za rangi nyekundu. Alituelewa pole pole. Mafuniko ya mashine nayo yalikuwa yamechanika, na vumbi la mkonge haliombi ruhusa, kwa hiyo kila mmoja alileta kitambaa kutoka nyumbani. Cha teleksi nilikifuma mimi. Kilikuwa kitambaa cheupe chenye ua la zambarau, kikubwa kuliko ilivyohitajika, na nilikipenda kupita kiasi.

Laini za simu zilikuwa adimu kama sabuni. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu: mashine unaiweka upande wa ndani kwa swichi ndogo iliyokuwa ubavuni, unachapa ujumbe wako, nayo inautoboa kwenye utepe wa karatasi. Laini ikipatikana unaigeuza swichi upande wa laini, unauliza jina, unajibiwa, kisha unauendesha utepe kwa kasi kabla laini haijakatika. Swichi ikiachwa ndani, utepe unakwenda vile vile, kelele ni zile zile, karatasi inajichapa vile vile. Tofauti ni kwamba hakuna anayekusikia.

Mwaka wangu wa tano au wa sita aliletwa Zuhura, mwenyeji wa Wete, Pemba, mdogo kwangu kwa miaka saba hivi. Alikuwa msichana mkimya mwenye mwandiko mzuri na tabia ya kusoma kila karatasi mara mbili. Nilipewa nimfundishe teleksi, naye alikuwa akiniamkia kila asubuhi na kusubiri niitike, bila kufundishwa na mtu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Shamba moja la shirika letu lilikuwa limevunjikiwa kipuri cha korona, ile mashine kubwa ya kusindika majani ya mkonge. Makao makuu Dar es Salaam walikuwa wanafunga orodha ya vipuri vya kuagizwa kutoka nje, na ujumbe wetu ulitakiwa ufike siku ile. Niliutoboa mchana. Nikapata laini, Dar wakajitaja, na nilipotazama utepe nikaona nimekosea namba ya kipuri. Nikarudisha swichi ndani ili nitoboe upya. Nilipomaliza, akaingia mtu wa masjala akasema sukari imefika duka la ushirika na foleni imekwisha pinda kona. Nikakitandaza kitambaa changu juu ya mashine, nikaacha wazi sehemu ya kupitisha utepe tu, nikamwambia Zuhura, “Kila kitu tayari. Dar wameshapatikana. Endesha utepe, uchane nakala, uweke kwenye faili.” Nikaenda kwenye sukari.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo ambalo sijapata kulisema. Laini mbovu zilikuwa zinakula herufi za majina, na mtu wa masjala alikuwa anakataa nakala ambayo jina la mpokeaji limechapika nusu. Kwa hiyo nilikuwa na ujanja wangu. Nililitoboa jina la mashine ya Dar es Salaam mwanzoni mwa utepe wangu mwenyewe, ili nakala ya faili ionekane nadhifu. Bi Salome hakujua. Ndiyo kusema niliamkia, kisha nikajiitikia.

Asubuhi ya pili nilifika mapema, nikainua kitambaa, nikaiona swichi. Ilikuwa ndani. Nakala ilikuwa kwenye faili, safi, jina la Dar es Salaam juu kabisa. Nilielewa mara moja. Ningeweza kuutuma tena saa ile ile, lakini tangu alfajiri hapakuwa na laini, na orodha ilikuwa imefungwa jana yake. Niliigeuza swichi upande wa laini. Nikarudisha kitambaa, nikalinyoosha lile ua.

Korona ilisimama zaidi ya mwezi. Majani yaliyokwisha kukatwa yalioza shambani, na vibarua wakarudishwa makwao. Ikaundwa kamati ya watu watatu. Zuhura aliwaambia aliutuma ujumbe na jina lilijibu, akawaonyesha nakala. Wakamwambia Dar hawakupokea kitu, na kwamba nakala yake inathibitisha tu kwamba anajua kuchapa. Kisha wakaniuliza mimi niliiachaje mashine.

“Ilikuwa sawa,” nilijibu.

Zuhura alipewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye jalada lake, naye akahamishiwa masjala kupanga bahasha. Bi Salome wakati huo alikuwa Muheza kwenye msiba. Aliporudi aliisoma ile nakala kwa muda mrefu, akaniita. Akaniuliza asubuhi ile swichi niliikuta wapi. Nikamwambia, kwenye laini. Akasema, “Haya.” Hakuniuliza tena mpaka anastaafu. Ila tangu siku hiyo aliniitikia marahaba bila kuinua uso.

Baada ya miezi michache Zuhura aliomba nafasi ya teleksi katika ofisi ya meli. Wakaomba jalada lake, wakaliona onyo, wakamkataa. Akaamua kurudi kwao Pemba. Siku ya kuaga alitupa mkono mmoja mmoja, na alipofika kwangu akauzuia wangu kidogo.

“Wallahi dada, jina mie nililiona.”

Nikamwambia Mungu atamfungulia.

Miaka ikageuka. Biashara ikafunguliwa, sukari ikajaa madukani, na shirika letu likaanza kuuzwa kipande kipande. Teleksi iling'olewa, ikaja faksi. Taipu zikapelekwa stoo, ikaja kompyuta moja iliyowekwa chumba chenye zulia, ambamo tuliingia kwa kuvua viatu kama msikitini. Nilipelekwa kujifunza, nikarudi nikawafundisha wenzangu, na watu wakanisifu kwa uvumilivu. Hawakujua kwamba nilikuwa nakagua kila swichi mara tatu. Ofisi ilipofungwa nilichukua kompyuta moja kuukuu na printa yake ya sindano, ile inayolia kama bati linalokwaruzwa, nikaviweka nyumbani. Nachapa kadi za harusi na barua za watu. Kitambaa chenye ua la zambarau ndicho kinachoifunika printa. Niliondoka nacho ofisini, na hakuna aliyeniuliza.

Turudi sasa kwenye ile Jumatano. Aliyekuwa amesimama juu yangu wakati niko chini ya meza ni wifi yangu Mwanjaa, dada wa mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Mabawa. Darasa lake la saba lilikuwa na mtihani wa majaribio kesho yake. Sote tulikuwa kijijini Moa, kwa wakwe zangu, tangu siku ya kuamkia Idi. Mwanjaa aliwahi kurudi mjini, akaingia kwangu kwa ufunguo niliompa, akauchapa mtihani wake mwenyewe kama nilivyomfundisha, akaamuru printa ichape. Haikuchapa. Akaamuru tena, na tena. Niliporudi Jumanne jioni nilimkuta mlangoni.

Nilikuwa nimekwisha toa riboni na kuweka stensili, maana sindano za printa, zikipiga bila riboni, huikata stensili vizuri kuliko taipu, kisha shule inadurufu kwa mashine yake ya mkono. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa printa kukubali kwamba ipo.

“Uligusa wapi?” nilimuuliza kutoka chini ya meza.

“Pale uliponionyesha. Kwani kuna mahali pengine inatekenywa?”

“Sifanyi mzaha, wifi.”

“Mie nafanya. Nisipofanya nitalia.”

Nikatoka, nikajifuta magoti. Nikamwambia kwamba watu wanaobonyeza bonyeza bila kufikiri ndio wanaoua mashine, na kwamba siku nyingine amsubiri mwenye mashine. Kisha nikaongeza, “Kabla yako ilikuwa sawa.”

Niliyasikia maneno yakinitoka. Ilikuwa sawa. Sauti ile ile, na mkono wangu ulikuwa juu ya kitambaa kile kile.

Mwanjaa akachukua mkoba wake. “Basi nitawaandikia ubaoni, wanakili. Na mwalimu mkuu nitamwambia nimeharibu mashine ya watu.” Hakuondoka; aliketi barazani, akanipa mgongo.

Nikaanza upya, safari hii kwa utaratibu wa Bi Salome, yaani kuanzia upande wangu. Hizi ndizo hatua, na ninaziandika kwa sababu zitawafaa. Angalia kwanza waya wa umeme na taa. Kisha waya mnene unaotoka kwenye kompyuta, ncha zote mbili. Uvute kidogo, kaza skrubu zake, na hakikisha hakuna sindano iliyopinda ndani. Kisha karatasi. Kisha kitufe cha printa chenyewe kinachoiweka kwenye laini. Taa yake iwe inawaka bila kupepesa. Zima printa, hesabu mpaka thelathini, washa. Hayo yote yakiwa mazima, acha kuisumbua printa. Kosa liko kwenye kompyuta, na aghlabu liko kwa aliyeiamuru. Fungua orodha ya kazi zinazosubiri, ile tunayoiita foleni, uisome kuanzia juu.

Niliifungua. Mtihani wa Mwanjaa ulikuwamo mara saba, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na siku na saa yake. Lakini haukuwa wa kwanza. Juu yake kulikuwa na kadi za harusi, kazi yangu, zilizotumwa siku ya kuamkia Idi alasiri, kabla Mwanjaa hajaingia nyumba hii. Nazo zilikuwa zinasubiri.

Nikakumbuka. Alasiri ile mamamkwe, aliyekuja kutuchukua, alikuwa amelala chumba cha pili, nami sikutaka printa imwamshe kwa kelele zake. Nikafungua orodha ya maagizo, nikaweka tiki mbele ya amri inayoiambia kompyuta ifanye kazi bila printa na kuzihifadhi kazi kwenye foleni. Nilitaka kuja kuzichapa baadaye. Ni tabia yetu ya zamani ya kutayarisha utepe na kungoja laini. Kisha gari la Moa likaja. Nikaifunika printa kwa kitambaa, nikaondoka.

Tiki ilikuwa pale pale. Kuiondoa kulihitaji mbonyezo mmoja. Printa ingelia, Mwanjaa angeingia akifurahi, ningemwambia ulikuwa waya. Nilikuwa nimeushika ule mausi, na kidole changu kilijua njia. Kilikwisha ipita mara moja.

“Wifi,” niliita. “Njoo uone kabla sijagusa.”

Alikuja, akasimama nyuma yangu, akasoma. Mwalimu anasoma kwa kidole.

“Hizi kadi za nani?”

“Zangu.”

“Za siku ya kuamkia Idi.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo si mimi.”

“Si wewe. Ni mimi niliyeifunga, nikasahau. Nisamehe.”

“Haya. Ifungue basi, watoto wana mtihani.”

Niliiondoa tiki, na kwa kiherehere nikasahau kwamba foleni haina upendeleo. Kilichoanza kuchapwa ni kadi ya harusi. Sindano zikaikata stensili ya kwanza ya Mwanjaa, maua na pete na “mnakaribishwa nyote”, kabla sijaweza kuizuia. Mwanjaa aliinua ile stensili dhidi ya dirisha.

“Alhamdulillahi,” alisema. “Darasa la saba lote limealikwa.”

Ndipo tukacheka. Tulifuta kazi zilizozidi, tukaweka stensili ya pili, mtihani ukatoka. Kisha nikapika chai, na kwa kuwa nilishindwa kukaa, nilimsimulia habari za Zuhura nikiwa nimesimama, nikizunguka meza. Nilimweleza yote, mpaka jina nililolitoboa kwenye utepe.

“Yuko hai?” aliuliza mwishoni.

Nikamwambia nasikia yuko Wete, ameolewa, anauza vitambaa.

“Sasa mbona unaniambia mie?”

Iliniuma. Wiki tatu nzima niliandika na kufuta. Nilikwenda Muheza kuitafuta rai ya Bi Salome, nikaelezwa alikwisha fariki. Nikasimama kidogo mbele ya kaburi lake, nikarudi na gari la mchana. Barua nilitaka kuichapa, nikaona si haki iwe nadhifu. Niliiandika kwa mkono, nikaituma kwa mtu anayevuka kwenda Wete. Hii ndiyo nakala yake.

*Usagara, Tanga.*

*Kwa Zuhura.*

*Shikamoo. Najua mimi ndiye mkubwa, na wewe ndiye uliyekuwa ukiniamkia. Leo ni zamu yangu.*

*Jina ulilolikuta kwenye nakala ya teleksi ulilisoma sawasawa. Nililitoboa mimi kwenye utepe, kabla hujaugusa. Swichi niliiacha ndani mimi, na nikaifunika kwa kitambaa changu. Asubuhi niliikuta, nikaigeuza, nikanyamaza. Kamati iliponiuliza nikasema ilikuwa sawa. Haikuwa sawa. Ulifanya kila ulichoambiwa ufanye, na aliyekuambia nilikuwa mimi. Nafasi ya ofisi ya meli uliikosa kwa kosa langu.*

*Nimekwenda kwa mfilisi anayetunza majalada ya shirika. Nimempa maelezo haya haya, yenye sahihi yangu, na nimemwona akiyaweka kwenye jalada lako, juu ya ile barua ya onyo. Muhuri wa kupokelewa utauona kwenye nakala niliyoiambatisha. Wanao wakikuuliza kwa nini uliacha kazi Tanga, waonyeshe.*

*Sikuombi unisamehe katika barua hii. Hilo ni lako, na lina wakati wake. Nakuomba neno moja tu, ili nijue imefika. Nisipolipata sitasema bahari ilichafuka wala mjumbe alipotea. Nitaangalia kwanza upande wangu, kisha nitakuandikia tena.*

*Mwanahamisi.*